Bunduki ya Ngoma ya Nkwabi

Kazi yangu, vijana, kwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa kuzuia upepo usitoke pale usipotakiwa kutoka. Karabai, majiko ya mafuta ya taa ya kupampu, mabomba ya kupulizia dawa ya pamba, pampu za baiskeli, mitungi ya gesi: chochote chenye pumzi ndani yake kilichokuwa kinavuja hapa Bariadi, siku moja kilifika mezani kwangu. Nyinyi mnaojifunza ufundi sasa mnakuja kuniuliza mambo, nami napenda kuwajibu, maana fundi aliyestaafu anabaki na maneno tu. Lakini kuna swali moja nimekuwa nikilikwepa. Mnaniuliza kwa nini hata bunduki ya maji ya mtoto siigusi, nikiletewa nasema kaitupeni. Leo nitajibu. Mtanivumilia, nitaanzia mbali kidogo.

Ufundi nilifundishwa kwenye kinu cha kuchambua pamba, enzi za ushirika, na mzee mmoja aliyeitwa Gamaya. Hakufuga masharubu, na sababu yake ilikuwa ya kazi: mdomo wa juu ndio uliokuwa chombo chake cha kutafutia panapovuja. Aliulowesha kwa ulimi, akaupitisha taratibu karibu na maungio ya bomba, na kama pana upepo hata kidogo kama pumzi ya panya, aliusikia ubaridi. Mkono una sugu, alikuwa akisema, na masikio yamejaa kelele za kinu, lakini mdomo wa juu haujawahi kufanya kazi nzito. Nilipojaribu mara ya kwanza nilichagua bomba la mvuke. Wiki nzima nilikula ugali kwa upande mmoja wa mdomo, na wenzangu wakawa wananiita bwana harusi, eti nimebusiwa mno.

Kosa langu kubwa la kwanza halikuchekesha. Mkulima mmoja wa Kimali alileta bomba lake la mgongoni, lile la kupulizia dawa ya wadudu wa pamba. Washa ya ngozi, ile inayobana upepo ndani, ilikuwa imekauka. Nilikata nyingine kutoka kwenye kiatu kikuukuu, nikaichovya kwenye oili chafu, nikafunga. Ngozi ya kiatu imeshakandamizwa, hainywi mafuta. Ilitakiwa ngozi laini ya mbuzi, iliyolowekwa siku nzima kwenye mafuta ya kondoo. Baada ya siku tatu yule mtu alirudi, shati limegandia mgongoni kwa dawa, ngozi inamuwasha, macho mekundu. Mzee Gamaya alimwogesha kwa sabuni na maji mengi, akampa shati lake mwenyewe, akamtafutia mtu wa kumfikisha zahanati. Kisha akalijaza maji lile bomba, vile vile nilivyolifunga mimi, akanivalisha, akaniambia nizunguke uwanja wa kinu. Nilizunguka asubuhi yote, maji yananishuka mgongoni mpaka ndani ya viatu. Saa sita aliponivua alisema neno moja tu, kwamba kila ninachofunga pale mezani mwisho wake kitakuwa mgongoni kwa mtu. Nilidhani nimelielewa.

Kisha ikaja ruksa, ile ya biashara huria. Ushirika ukalegea, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, kinu chetu kikasimama msimu mmoja, halafu na wa pili, halafu tukakusanywa uwanjani tukasomewa majina ya wanaopunguzwa. La Mzee Gamaya lilikuwa la pili, langu la saba. Yeye alirudi kwao kuchunga ng'ombe wake akafa kabla ya mvua za mwaka wa pili. Mimi nilijenga kibanda cha mabati karibu na soko.

Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na Bariadi ilikuwa mji wa vumbi na baiskeli. Ghafla vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia kwa watu waliofika Nairobi vikawa vinapangwa chini kando ya barabara: redio za kaseti, saa za plastiki, tochi, viberiti vya gesi, mitumba ya kila aina. Na vyote vilikuja bila vipuri. Hilo ndilo lililobadilisha kazi yetu. Zamani ukikosa kipuri ulijaza fomu ukangoja, hata mwaka. Sasa hapakuwa na fomu wala wa kumpelekea. Tukajifunza kuokoa kitu kimoja kwa kuua kingine. Nilikuwa na debe la maiti, ndivyo nilivyoliita, limejaa vali, springi na mipira ya vitu vilivyokufa, na nusu ya mji ilikuwa ikiishi kwa debe lile. Nilijivuna. Nawaambia mapema ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Mdogo wangu wa kike, Limi, alikuwa ameolewa Kasoli na mtu aitwaye Nkwabi. Alikuwa mkulima wa pamba kama majirani zake, lakini pamba ikishavunwa na ngoma zikianza, Nkwabi alikuwa mtu mwingine. Alikuwa manju, yaani kiongozi wa kundi la ngoma, anayetunga nyimbo na kuziongoza. Ninyi wa mjini huenda hamjui ngoma zetu zinavyoshindana. Pande mbili zinapiga kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, na hakuna mwamuzi wa mezani. Mwamuzi ni watu. Wakikuhama wakaenda upande wa pili, umeshindwa, na utaimba mbele ya mbwa. Kwa hiyo kila manju hutafuta kitu kipya cha kuwavuta. Wengine hucheza na nyoka, wengine huchonga watu wa mbao wanaotikisa vichwa.

Mwaka ule manju wa upande wa pili alikuja na jenereta na vipaza sauti viwili. Nkwabi alishindwa mara tatu mfululizo. Limi aliniambia mumewe alikuwa anarudi nyumbani halafu hali chakula, anakaa tu anachora chini kwa kijiti.

Asubuhi moja akaja kibandani kwangu na gunia refu limefungwa kwenye baiskeli. Kwa heshima ya ushemeji hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Alisimama nje akasema mwangaluka, nikaitikia mwangaluka, akauliza hali ya nyumbani, mke wangu, watoto, hata mbuzi wangu aliyekuwa anaumwa. Ndipo akafungua gunia.

Ilikuwa bunduki. Nilirudi nyuma hatua moja, mpaka nikaona ncha ya mtutu ina plastiki nyekundu kama chupa ya dawa ya kikohozi. Alikuwa ameinunua Lamadi kwa muuza mitumba, kwenye kreti la vitu vilivyochakaa kutoka ng'ambo. Ilikuwa ya kuchezea, imetengenezwa kwa kufananishwa na bunduki za askari wa vita vya zamani, zile babu zetu walizobeba Burma. Ndani ilikuwa na kasha dogo la kujazwa gesi, na ukivuta kifyatuo gesi inasukuma kigololi cha plastiki na komeo linarudi nyuma lenyewe kwa nguvu, kama ya kweli. Ilikuwa hivyo zamani. Ilipofika kwangu kitako kilikuwa kimepasuka, chuma kimebabuka, na ukiijaza gesi ya viberiti inatoka yote kabla hujahesabu kumi.

Nkwabi aliniambia alichokuwa anakiwaza. Wachezaji wake watapiga kwata kama askari wale wa Burma, yeye atakuwa afande, na mwisho wa wimbo atafyatua. Hakuhitaji vigololi, alihitaji mlio. Kisha akasema, "Ila ule wekundu wa mbele uache, shemeji. Watu waonage kwamba ni mchezo."

Nikamjibu asiwe na shaka.

Vijana, sijawahi kupenda kazi kama ile. Niliifungua juu ya khanga ya mke wangu ili springi zisipotee, nikachora kila kipande kilikotoka, na nanyi fanyeni hivyo, msiamini kichwa. Mipira yote ilikuwa imekufa. Nilikata mingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, na nilipoijaza gesi ikashika vizuri, nikafurahi. Kesho yake mipira ilikuwa imevimba kama mdomo wangu wa kinuni, komeo limekwama. Gesi inakula mpira wa kawaida. Nilihangaika karibu wiki mbili mpaka nikakumbuka oringi za pampu ya dizeli, vile vipete vya mpira vilivyozoea mafuta. Nilizipata kwenye debe la maiti, nikazipunguza kwa msasa laini, nikazipaka mafuta kidogo sana, na safari hii nilipopitisha mdomo wangu wa juu kwenye vali sikusikia chochote. Kimya kabisa.

Nikajifunza pia tabia yake. Ukifyatua mara nyingi mfululizo kasha linakuwa la baridi, linatoka jasho, na nguvu inapungua. Liache lipumzike juani kidogo, nguvu inarudi. Ukilisahau juani, utalikuta limepasuka. Kitu cha gesi ni kama ndama, kinataka kuangaliwa.

Kitako nilichonga kipya kwa mninga. Kwenye mtutu nikaweka kikopo chenye matundu ili mlio uwe mzito, na mbele ya kikopo nikaacha nafasi ya kijiko kimoja cha unga wa muhogo, ili gesi ikitoka ipulize wingu jeupe kama moshi. Jambo la moshi nililibuni mimi, Nkwabi hakuniomba. Chuma nilikisugua, nikakipaka masizi ya karabai yaliyochanganywa na mafuta ya mbao, nikaanika, nikasugua tena kwa pamba, mara nne, mpaka kikawa na ule weusi wa samawati wa bunduki halisi.

Ikabaki ile plastiki nyekundu. Niliitazama siku nzima. Kila nilipoinua ile bunduki jicho langu lilienda pale pale, nikaona kazi yangu yote inachekwa na ile ncha. Nikachukua msumeno nikaikata. Nikachonga ncha ya bomba la chuma na kijino chake cha kulengea, nikaifunga. Ukiiona hatua tatu mbali, hata aliyepita jeshini asingejua.

Nkwabi alipokuja kuichukua aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto. Niliona macho yake yamefika kwenye ncha yakasimama pale. Lakini mtu na kaka wa mke wake hawagombani kwa kitu kama hicho. Alishukuru, wabeja sana, shemeji, akaondoka.

Baada ya siku chache alipita kibandani kujaza gesi, na nikaona amefunga kitambaa chekundu kwenye ncha ya mtutu, kipande cha kitenge cha Limi, kimekazwa kwa mafundo mawili. Nilikunja uso. Sikupaza sauti wala sikumtukana, nilisema tu, "Kumbe kazi yangu haikukupendeza."

Alinitazama. Kisha akacheka, akakifungua kile kitambaa, akakitia mfukoni.

"Imenipendeza, shemeji," akasema. "Kazi kama hii haifungwi kitambaa."

Nikamjazia gesi. Nilikuwa nimeridhika.

Ngoma ilikuwa Mwamapalala, nami nilifunga kibanda nikaenda kwa lori kuitazama. Upande wa pili walianza na vipaza sauti vyao, watu wamejaa kwao. Kisha wachezaji wa Nkwabi wakaingia kwa safu mbili, magome ya miti yamefungwa miguuni kama patisi za askari, wanapiga kwata, na yeye mbele, amenyooka, bunduki begani. Aliimba habari ya babu yake aliyerudi kutoka Burma akakuta ng'ombe wake wameshagawanywa. Wimbo ulikuwa wa huzuni lakini aliuimba kwa namna ya kuchekesha, ndiyo ilikuwa karama yake. Alipofika mwisho akainua mtutu juu, akafyatua. Mlio ukapiga, wingu jeupe likapaa, wachezaji wote wakaanguka chali kwa pamoja. Kicheko kikavuma uwanja mzima, na nikaona kwa macho yangu umati ukihama. Walihama kama ng'ombe waliosikia maji. Akinamama walikuwa wanashikilia mbavu. Nilimwambia mtu niliyesimama naye kwamba ile bunduki nimeitengeneza mimi. Nikamwambia na mwingine. Nadhani niliwaambia watu kumi.

Jioni nilirudi Bariadi kwa lori lile lile. Nkwabi alilala Mwamapalala kwa wenyeji wake.

Kesho yake asubuhi, mahali fulani kando ya njia ya kurudi Kasoli, wezi wa mifugo waliingia boma moja wakachukua ng'ombe na kumpiga mchungaji risasi. Mwano ukapigwa, ule ukelele wetu wa hatari unaopokelewa kutoka boma hadi boma, na wanaume wakatoka na pinde kufuata nyayo. Nkwabi hakujua. Aliondoka baada ya chakula cha mchana kwa baiskeli, peke yake, bunduki mgongoni. Haikuwa ndani ya gunia, kwa sababu habari zake zilishamtangulia na kila alikopita watu walimsimamisha waione.

Alasiri, kwenye kivuko cha kijito kilichokauka, alikutana na wale wanaume.

Yaliyotokea pale niliyasikia kutoka kwa mmoja wao, mtu wa makamo, aliyekuja kibandani kwangu miezi mingi baadaye. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, nikidhani ana kitu cha kutengenezwa. Kisha akasema alisikia mimi ni shemeji wa marehemu, na anataka niyajue. Walimwamuru ashuke, akashuka. Walimwamuru aitupe bunduki. Yeye akawa anawaambia ni ya ngoma, ni ya mchezo, jamani ni mimi Nkwabi wa Kasoli, lakini hao hawakuwa watu wa upande wa Kasoli na hawakuwa kwenye ngoma. Mmoja akasema mchezo gani wenye chuma. Basi Nkwabi akainua mtutu juu, kuelekea mbinguni, ili awaonyeshe.

"Alikuwa anatabasamu," yule mtu akaniambia. "Lakini tulisikia mlio, tukaona moshi."

Mishale ilikuwa imeshapakwa sumu. Alikuwa bado hai walipofika karibu wakaona ule unga umetanda kwenye nywele zake na kwenye shati. Mmoja akauonja kwa kidole. Ni hapo walipojua ni muhogo.

Niliitwa polisi kuieleza ile bunduki. Ofisa alikuwa mtu wa adabu. Alikiri kwamba alipoipokea aliiandika kuwa ni silaha, mpaka alipoliona kasha lake la gesi. Aliniomba niifungue yote mbele yake. Niliifungua mezani kwake kipande kwa kipande, na kwa mazoea tu, nilipofika kwenye vali niliinama nikapitisha mdomo. Gesi ilikuwa bado imo. Hakuna kilichovuja.

Yule ofisa akasema, bila ubaya wowote, "Fundi Mabula, wewe ni fundi kweli."

Nilitoka nje bila kuaga.

Msiba ulikuwa mgumu. Watu walikuwa na maneno ya aina mbili. Wengine walinong'ona kwamba Nkwabi alikuwa na wezi, la sivyo angepitaje njia ile, siku ile, na kitu kama kile. Wengine walimtetea kwa kusema hakuwa mwizi, alikuwa mjinga tu. Manju, kwa kawaida, hazikwi kimya. Kundi lake humpigia ngoma yake mwenyewe. Wazee wa ukoo wake walikataa. Walisema hawawezi kupiga ngoma juu ya jambo la aibu. Alizikwa na sala fupi, wachezaji wake wamekaa nyuma ya nyumba na ngoma zao zimefunikwa magunia. Nami nilikuwepo. Nilikaa kwenye benchi la wakwe, nikapokea pole. Mzee mmoja akasema mbele yangu kwamba mtu mwenye akili angefunga angalau kitambaa. Nikatazama chini.

Sikusema. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia, vijana, si habari za oringi. Kukata ile ncha lilikuwa kosa la fundi mwenye majivuno, na mafundi wengi wana majivuno. Lakini pale msibani nilikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingemsafisha yule mtu mbele ya ukoo wake, na nililibana lisitoke. Hata hilo nililibana vizuri.

Misimu mitatu ikapita. Nilikuwa nikienda Kasoli kumsaidia Limi kulima na kuvuna, na kila nilipokwenda nilibeba sukari, sabuni, daftari za watoto. Alikuwa na watoto watatu. Mkubwa, Kabula, alikuwa mdogo sana baba yake alipokufa, na shuleni wenzake walikuwa wakimwimbia kwamba baba yake aliwapiga watu kwa unga. Limi aliniambia hivyo huku anapepeta mahindi, kama mtu anayetaja mvua. Nilimwambia nitaongea na mwalimu.

Mwaka wa tatu tulikuwa tunavuna pamba, Limi na mstari wake, mimi na wangu. Sijui kwa nini siku ile. Mikono ilikuwa inachuma, mdomo ukaanza kusema. Nilimweleza yote, tangu msumeno mpaka kile kitambaa, jinsi nilivyokunja uso, jinsi Nkwabi alivyokifungua. Sikumtazama. Niliendelea kuchuma mpaka nikamaliza kusema.

Limi hakusimama. Alichuma matumba mawili matatu ya pamba akayatia kwenye mfuko.

"Najua, kaka," akasema. "Aliniambia jioni ile ile. Alisema, kaka yako amekunja uso, nikakifungua. Nikamwambia akifunge tena. Akasema atakifunga akisharudi nyumbani kutoka ngoma ya Mwamapalala, maana utakuja kutazama na hataki ukione."

Nikageuka nikamtazama.

"Nilingoja useme msibani," akasema. "Nikangoja tukianua matanga. Nikasema labda atasema kwenye arobaini. Kila nikikuona unakuja njiani nasema leo ndiyo leo, kaka anakuja kusema. Wewe unaniletea sukari."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Mimi mke. Ningesema, wangesema namtetea mume wangu. Lakini neno lako wewe wangelisikia."

Alikuwa na haki. Kwa watu wetu, kaka wa mke akisimama kujishtaki mwenyewe mbele ya ukoo wa mume, hakuna atakayesema anadanganya.

Nilimwomba msamaha. Aliniambia msamaha wake si kitu kikubwa, ameshautoa siku nyingi ili aweze kulala. Alichotaka ni niwaambie wazee, na niwaambie watoto, kwa sababu watoto walikuwa wameshaanza kuamini.

Wazee niliwaambia Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Nilisimama. Nilikuwa na miaka hamsini kasoro. Niliwaeleza yote, mpaka habari ya kitambaa. Baba yake Nkwabi, ambaye alikuwa haoni vizuri tena, aliomba aletewe fimbo yake, akainuka, akaenda peke yake mpaka kaburini, akakaa huko. Mwezi uliofuata walipiga ngoma ya manju. Wachezaji waliobaki walikuwa sita tu, wengine wameshakwenda migodini na Dar es Salaam, na ngozi za ngoma zilikuwa zimelegea. Waliimba ule wimbo wa babu aliyerudi kutoka Burma. Hakuna aliyecheka safari hii, lakini waliuimba mpaka mwisho.

Tangu hapo siigusi bunduki ya aina yoyote, iwe ya maji, iwe ya mbao. Si kiapo, ni mikono tu inayokataa. Na nyinyi nawaomba jambo dogo: mteja akikwambia acha kitu fulani kama kilivyo, kiache. Yeye ndiye atakayetembea nacho. Na kama umeshakikata, basi sema umekikata wewe, sema siku hiyo hiyo, hata kama wamejaa watu.

Watoto niliwaambia nyumbani kwao, tukiwa tumekaa mkekani. Wale wadogo wawili hawakuelewa sana. Kabula alisikiliza yote, mikono ameikunja mapajani. Nilitegemea aninung'unikie, au anikimbie. Akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mjomba, baba alipokifungua kile kitambaa, alikasirika?"

"Hapana," nikamwambia. "Alicheka."

"Alicheka vipi?"

Nikafungua mdomo nimwonyeshe, sikuweza. Nilijaribu mara mbili. Ndipo Limi, aliyekuwa mlangoni akichagua mchele, akacheka. Aliucheka ule mcheko wa mumewe sawasawa, ule wa chini unaoanza tumboni na kukatikia puani, nikageuka kama mtu aliyeitwa. Kabula naye aligeuka. Limi akaucheka tena, taratibu zaidi, ili mtoto asikie vizuri, halafu akaweka ungo chini akajifunika uso kwa khanga.